Milima ya Kabambare na Ugomvi wa Watu wa Mawe

Zamani misafara iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika kwa vyombo, ikashukia Mtowa, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie leo, ikashika njia ya Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe. Wazee wetu waliijua njia hiyo kwa mabega na shingo, maana wengi waliipita wakiwa wamebeba pembe au wamefungwa mnyororo. Nao walivuka milima ya namna mbili bila kuambiwa. Kando ya ziwa ardhi yapanda ghafula kama ukuta: huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Mbele zaidi, katika nchi ya Kabambare, hakuna tena ukuta. Kuna vilima na migongo ya mawe yaliyokunjwa, mpaka ardhi ishuke polepole kwenye Lualaba. Macho yasema ni milima ya ukoo mmoja. Sivyo hata kidogo. Ile ya ziwani ilizaliwa kwa ardhi kuvutwa na kupasuka, nayo ni michanga. Hii ya kwetu ilizaliwa kwa ardhi kusukumwa na kubanwa, nayo ni mikongwe mno, hata tuionayo leo ni mizizi yake tu.

Habari ya jinsi watu walivyopata kujua kwamba mlima waweza kusukumwa na kupandishwa juu ya mlima mwingine ni habari ya ugomvi. Ugomvi huo haukuanza huku, ulianza Ulaya. Lakini baadhi ya watu wake wamefungamana na njia yetu ya Kabambare kwa namna ya ajabu, na kwa hiyo yafaa tuusimulie kwa kirefu.

Katika miaka ya 1850 na 1860 mkubwa wa elimu ya mawe huko Uingereza alikuwa Sir Roderick Murchison. Alikuwa askari kwanza, kisha akawa mtu wa mawe; na tabia ya askari haikumtoka, kwani aliyepinga neno lake alionekana kama adui. Alikuwa pia rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mwaka 1852, bila kukanyaga Afrika ya katikati, alitangaza kwamba ndani ya bara hili kuna nchi iliyo kama bakuli pana lenye kingo zilizoinuka, na kwamba imekaa hivyo tangu zamani za kale bila kusukwasukwa sana. Neno moja alilipata sawa, maana bakuli la Kongo lipo kweli. Neno la pili, la kukaa kimya, tutaliona.

Murchison huyo ndiye aliyemwomba David Livingstone arudi Afrika kutafuta chanzo cha Nile. Livingstone aliingia bara mwaka 1866, na mwezi wa Septemba 1869 akafika Kabambare, ambayo katika daftari zake aliiandika Bambarre. Mwezi wa Juni 1870 alijaribu kwenda Lualaba na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, kwa kuwa wengine walimwacha. Julai akarudi Kabambare na vidonda vya miguu, akakaa karibu siku 80 bila kuweza kutembea. Yeye mwenyewe aliandika kwamba katika nchi ya Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Mgonjwa huyo alikuwa amelala juu ya mizizi ya milima iliyosukumwa, wakati ambapo rafiki yake mkubwa huko London alikuwa amekwisha kumnyamazisha mtu aliyesema kwamba milima ya Uskoti ilisukumwa.

Tazameni sasa jambo lenyewe. Sheria ya kwanza ya elimu ya mawe ni nyepesi. Mchanga na matope hutandikwa chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo tabaka la chini ni la kwanza, na la juu ni la baadaye. Ni kama mikeka iliyopangwa: wa chini ndio uliowekwa mapema. Lakini katika kaskazini-magharibi ya Uskoti watu waliona mawe ya chokaa na ya mchanga yenye alama za wanyama wa bahari ya kale, na juu yake yamelala mawe magumu yenye kumetameta, yaliyopikwa na joto la chini sana ya ardhi. Murchison akasema: yako juu, basi ni machanga. James Nicol, mwalimu wa chuo cha Aberdeen, ambaye mwaka 1855 alitembea huko pamoja naye, akasema hapana. Haya ya juu ni mawe ya zamani. Penye nyufa yameinuliwa yakakutana na machanga. Murchison alikuwa na cheo, na marafiki, na ofisi ya serikali ya ramani za mawe mkononi mwake. Nicol alishindwa mbele ya watu. Akafa mwaka 1879, wala hakuishi kuona neno lake likipata haki.

La kushangaza ni kwamba Murchison hakuwa mgeni wa jambo hili. Katika jimbo la Glarus, Uswisi, Arnold Escher alikuwa ameona mapema, tangu miaka ya 1840, mawe ya zamani yamelala juu ya mawe machanga kwa nchi pana. Mpaka wake waonekana ubavuni mwa mlima kama mstari uliopigwa kwa rula. Mwaka 1848 Escher alimwonyesha Murchison mahali hapo, naye Murchison akakubali kwamba mawe yamepinduliwa utaratibu. Escher mwenyewe hakuthubutu kuandika kwamba mlima mzima ulisafiri. Aliogopa kuonekana mwendawazimu. Akatafuta maelezo ya kuwatuliza watu, ya mikunjo miwili mikubwa iliyoelekeana. Basi huyu aliona na kuogopa, na yule alikubali ugenini akakataa nyumbani. Sijui nani kati yao alistahili kuhurumiwa zaidi. Mimi namhurumia Nicol.

Yawezekanaje mlima kupanda juu ya mwingine? Chukua mkeka laini, uusukume ukutani: wajikunja. Sasa chukua mkeka wa mianzi mikavu: hujikunja kidogo tu, kisha wakatika, na kipande cha nyuma chapanda juu ya kipande cha mbele. Ukiendelea kusukuma, wakatika tena nyuma yake, na vipande vyalaliana kama mafungu ya nyasi juu ya paa. Mkeka umekuwa mfupi na umekuwa mnene. Hivyo ndivyo ukanda wa milima hujengwa. Mahali pa mkato, ambapo kipande hupanda juu ya kingine kwa mteremko mdogo, tutapaita ufa wa msukumo. Ndiyo maana mtu akitoboa kisima kirefu katika milima ya namna hii aweza kupita mawe ya zamani, kisha machanga, kisha ya zamani tena, kama anasoma kitabu ambacho fundi alikosea kupanga kurasa.

Mwaka 1884 Mfaransa Marcel Bertrand, ambaye hakuwa amefika Glarus, alisoma maandiko ya wenzake akasema mikunjo miwili haihitajiki: ni pande moja tu la nchi lililosukumwa upande mmoja. Mwaka 1903 mwenzake Pierre Termier, Mkatoliki mwenye ibada aliyejulikana pia kwa maandishi yake mazuri, alionyesha katika Austria mahali ambapo mawe ya chini yachungulia kama kwa dirisha, kwa sababu mvua na barafu zimekula pande lililoyafunika. Tangu siku hizo neno dirisha limebaki katika elimu ya milima.

Huko Uskoti haki ilikuja kwa njia ya mtu aliyekuwa zamani mwalimu wa shule. Charles Lapworth, mtu mwenye subira ya kupima jiwe kwa jiwe, alifanya kazi katika nchi hiyo mwaka 1882 na 1883, akaona nyufa za msukumo wazi. Alifanya kazi hata akaugua, na yasemekana usiku alijiona analala chini ya mlima unaotembea na kumsaga. Serikali nayo ikawatuma Ben Peach na John Horne kwenda kulithibitisha neno la Murchison. Wakarudi na neno la Nicol. Mkubwa wao alikuwa Archibald Geikie, mtoto wa elimu wa Murchison, aliyepewa kiti cha kwanza cha ualimu wa mawe katika chuo cha Edinburgh mwaka 1871, kiti kilichowekwa kwa fedha za Murchison. Geikie alikwenda mwenyewe, akaona, na mwaka 1884 akaandika mbele ya watu wote kwamba maelezo ya bwana wake hayasimami, na kwamba mawe yalisukumwa si chini ya maili 10. Si kazi nyepesi kwa mtu anayekalia kiti cha mwingine.

Sasa turudi Tanganyika, maana Geikie alikuwa na mwanafunzi. Jina lake Joseph Thomson. Mwaka 1879 kijana huyo wa miaka 21 alijikuta kiongozi wa msafara, baada ya mkubwa wake Keith Johnston kufa Behobeho. Aliyeongoza wapagazi alikuwa Chuma, yule yule aliyekuwa na Livingstone Kabambare. Mwisho wa mwaka walifika mto Lukuga, ambao wasafiri walikuwa wakibishania: je, maji ya ziwa yatoka au hayatoki? Thomson aliyaona yakitoka kwa nguvu kwenda magharibi. Akataka kuyafuata mpaka kwa Wamanyema na Lualaba, lakini wapagazi waliogopa, wakakataa, akarudi. Hivyo mtu wa kwanza mwenye elimu ya mawe kukaribia milima yetu aliishia mlangoni. Na tufahamu: mwaka huo 1879 hata angefika, kichwani alikuwa na mafundisho ya kabla ya 1884.

Yalibaki maswali. Watu wa hesabu walisema: pande la mawe lenye unene wa kilomita nyingi haliwezi kusukumwa mbali, kwa kuwa msuguano wa chini ni mkubwa kuliko nguvu ya mawe yenyewe, litavunjika kabla ya kutembea. Walikuwa na haki, kama mawe ni makavu. Mwaka 1959 Wamarekani M. King Hubbert na William Rubey walionyesha kwamba maji yaliyofungwa katika vijitundu vya mawe ndiyo siri. Maji hayo yakibanwa hubeba sehemu ya uzito wa juu, na pande lateleza. Mama yeyote jikoni amekwisha kuona jambo hili: glasi iliyooshwa kwa maji ya moto, ukiigeuza mdomo chini juu ya meza yenye maji, hujiendea yenyewe. Hewa ya ndani imepata joto, imetanuka, imeibeba kidogo. Nguvu ya kusukuma yenyewe yatoka katika mwendo wa mabamba makubwa ya dunia, ambayo hutembea sentimita chache kwa mwaka.

Katika Kongo yetu mahali panapojulikana zaidi kwa jambo hili ni Katanga. Mbelgiji Jules Cornet alipita huko kati ya 1891 na 1893 pamoja na msafara wa Bia na Francqui, akaandika juu ya mawe na shaba. Waliomfuata walipima zaidi, wakagundua kwamba huko Kolwezi mawe ya zamani yenye shaba yamelala juu ya mawe yaliyo machanga kuliko hayo. Ni pande lililosukumwa kutoka kusini, kisha mmomonyoko ukala pande zote, likabaki kama kisiwa. Yule wa Austria alipata dirisha. Kolwezi twapata kisiwa. Sababu ni moja. Msukumo huo wa Katanga ulitokea miaka milioni 550 hivi iliyopita. Mtu atakayesema kwamba Afrika ya ndani ilikaa kimya aulizwe basi shaba ya Kolwezi ilitoka kusini kwa miguu gani.

Milima yetu ya Maniema ni mikubwa kwa umri kuliko huo. Wataalamu waliita ukanda wake Kibara, kwa jina la milima ya Kibara katika nchi ya Mitwaba, Katanga. Waliuchora kutoka huko, ukipanda kupitia Maniema na Kivu hadi Burundi, Rwanda, Karagwe na kusini-magharibi ya Uganda. Kwanza kulikuwa na bahari au mabonde ya maji yaliyopokea mchanga na matope. Miaka milioni 1375 iliyopita mawe ya moto yalipanda kwa wingi kutoka chini. Kisha, karibu na miaka milioni 1000 iliyopita, nchi hiyo yote ilibanwa, ikakunjwa, ikakatika. Mwishoni kabisa, miaka milioni 986 hivi iliyopita, kulipanda matale meupe yaliyoleta bati, na hilo ndilo bati la Kalima lililoanza kuchimbwa kwa wingi katika miaka ya 1930.

Matale hupoa kilomita kadhaa chini ya ardhi. Tukiyaona leo juani, maana yake kilomita hizo zote za mlima zilizokuwa juu zimeondolewa na mvua na mito, chembe kwa chembe.

Dhahabu nayo ina ukoo na nyufa. Katika nchi ya Kabambare twajua Namoya. Ilichimbwa wakati wa Wabelgiji. Na Januari 2016 kampuni ya Banro ikatangaza kuanza kazi ya biashara huko, lakini mwaka 2019, baada ya mashambulio ya watu wenye silaha, kazi ilisimama. Dhahabu ya huko imo katika mishipa ya jiwe jeupe gumu, kwatzi, ndani ya mawe yanayochanuka kama kurasa. Maji ya moto ya chini hutafuta njia, na ufa ndio njia yao. Ufa ukiziba, maji yabanwa. Yakizidi nguvu yaupasua tena, yapanda kwa ghafula, yanapoa, yaacha kwatzi na dhahabu kidogo. Hivyo mara nyingi sana. Maji yale yale yanayoutelezesha mlima ndiyo yanayoujaza ufa wake.

Wachimbaji wetu wajua jambo hili kwa mikono. Wafuata mshipa, mara wakatika kama kwa kisu, na mbele kuna udongo laini tu. Hapo ndipo ufa. Kama ufa huo wateremka kuelekea mbele yako, basi kipande kilicho mbele kimelala juu yake. Ikiwa ni ufa wa msukumo, kipande hicho kilipanda, na mshipa uliopotea hutafutwa juu. Ikiwa ni ufa wa kuvutwa, kilishuka, na mshipa hutafutwa chini. Pengine vipande viliteleza kwa ubavu, na hapo hakuna juu wala chini. Mtu asiyejua huchimba mwezi mzima upande usio na kitu.

Tena kuna hatari ambayo nataka isomwe kwa makini. Udongo wa ufa ni mawe yaliyosagwa na mwendo wa mlima. Ni laini, wachimbika kwa jembe, washika maji. Kwa hiyo fasi yenye dhahabu ndiyo iliyo nyepesi kuchimba, na ndiyo inayoanguka. Hasa ufa wa msukumo hulala kwa mteremko mdogo, hata ukiufuata, dari lako lote ni pande lililokatwa, halina linaloshikilia isipokuwa udongo huo unaouondoa. Nimesimama penye shimo lililoanguka siku ya mvua, tukingoja kijana atolewe. Aliyelia zaidi ya wote alikuwa yule aliyemwonyesha mahali ambapo jembe lilizama bila taabu. Miti ya kuegemeza dari iwekwe kabla ya kufika kwenye udongo laini, si baada yake. Na mvua ikinyesha watu watoke.

Nguvu ya kuvuta nayo haijalala. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi chini ya Ziwa Tanganyika ilitikisika kwa kipimo cha 6.8, nyumba zikaanguka Kalemie na watu wakafa. Huo si msukumo: ni Bonde la Ufa linalofunguka, milimita chache kwa mwaka. Nyufa za kale zilizofanywa kwa kubanwa mara nyingi hufunguka tena zinapovutwa, kama kitambaa kinavyochanika pale pale kilipokunjwa siku nyingi.

Na ugomvi wa watu wa mawe haujaisha. Mwaka 2010 Luc Tack wa Tervuren, Ubelgiji, pamoja na wenzake, waliandika kwamba ukanda wa Kibara si mmoja, ni miwili: mmoja wa Katanga, na mwingine wa kaskazini-mashariki walioupa jina la Karagwe na Ankole. Kati yao, wasema, kuna mawe ya zamani zaidi yanayotoka kusini-magharibi ya Tanzania na kuvuka ziwa kuelekea kaskazini-magharibi. Tena wasema mawe ya moto ya miaka milioni 1375 yalipanda wakati ardhi ilipovutwa, si iliposukumwa. Msukumo ulikuja nyuma sana. Maneno hayo yabadilisha yaliyofundishwa tangu wakati wa Lucien Cahen, aliyeandika kitabu kikubwa cha mawe ya Kongo mwaka 1954. Wengine hawajakubali yote.

Tukifuata mstari huo kutoka ziwani, waelekea pande zetu. Lakini ardhi ya huku imefunikwa na udongo mwekundu, nyasi na msitu, na miaka ya vita iliwafukuza wapimaji. Mahali pa kuona mkutano wa mawe ya zamani na machanga ni pale mito ilipokata kingo, na pale watu walipofungua mashimo. Huenda wachimbaji wamekwisha kuupita mpaka huo mara nyingi, wakautupa nje kwa karai pamoja na mawe mengine. Basi atakayeona jiwe lenye kumetameta limelala juu ya jiwe la mchanga, na kati yao utepe wa udongo uliosagwa, apime utepe huo wateremka upande gani, aandike jina la kilima na tarehe, kabla mvua haijajaza shimo.